Maltituli: Mashine ndogo inayofika pale msumeno unaposhindwa, na namna ya kuitumia bila kuharibu mbao

Fremu ya mlango wa mninga ikishashikwa na ukuta, kosa la milimita 3 halifutiki kirahisi. Mbao ni ghali, mteja ameshalipa, na pengo linalobaki kati ya fremu na tailizi litaonekana kila siku mtu akiingia ndani.

Kazi za namna hiyo, za kukata kidogo, kwa usahihi na mahali pabaya, ndizo zimeipa jina mashine ambayo mafundi wanaiita maltituli. Ni ndogo, inabebeka kwenye begi, na mbele yake ina bledi ambayo haizunguki.

Wapo wanaoiona kama kichezeo. Wapo pia walioinunua, wakachoma bledi tatu siku ya kwanza, wakaiweka pembeni. Mara nyingi tatizo sio mashine, ni namna inavyotumiwa.

Bledi haizunguki, inatikisika

Grinda na msumeno wa duara huzungusha diski. Jigso hupandisha na kushusha bledi. Maltituli huipeleka bledi kushoto na kulia kwa kasi kubwa, na kwa mashine nyingi ni kati ya mara 10,000 na 20,000 kwa dakika.

Mwendo wenyewe ni mfupi. Bledi husogea kwa pembe ya nyuzi 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo kila jino husafiri milimita chache tu kabla ya kurudi lilikotoka.

Ufupi huo ndio nguvu ya mashine hii. Bledi inaweza kuingizwa katikati ya ubao bila kuanzia pembeni. Inaweza kulala juu ya sakafu na kukata sambamba nayo. Na hairuki ghafla kumfuata fundi kama diski ya grinda inapobanwa.

Lakini ufupi huohuo una gharama. Jino likitembea milimita chache tu, unga wa mbao hautoki wenyewe. Unabaki ndani ya mkato, unasuguana na bledi, na joto linapanda. Hapo ndipo bledi nyingi zinapoharibikia.

Ilianzia hospitalini

Wazo la bledi inayotikisika halikutoka karakana ya useremala. Katika miaka ya 1940, Homer Stryker, daktari wa mifupa wa Kalamazoo huko Michigan, Marekani, alibuni msumeno wa aina hiyo kwa ajili ya kukata plasta ngumu, maarufu kama POP au hogo, ambayo mgonjwa hufungwa baada ya kuvunjika mfupa.

Siri yake ni kwamba plasta ni ngumu na imetulia, kwa hiyo meno yanaikata. Ngozi ni laini, husogea pamoja na bledi, kwa hiyo haichaniki kirahisi.

Kampuni ya Fein ya Ujerumani nayo ilitoa msumeno wake wa plasta mwaka 1967. Baadaye teknolojia hiyo ikahamia kwenye gereji, kwa kazi kama kukata gundi inayoshika kioo cha mbele cha gari, kisha ikaingia kwenye ujenzi na useremala.

Kwa miaka mingi Fein ndiyo ilitawala soko hilo. Hataza yake ilipokwisha, mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni nyingine zikaingia kwa kasi, bei zikashuka, na mashine ikaanza kufika kwa mafundi wa kawaida.

Historia hiyo imeacha imani moja ya hatari: kwamba maltituli haikati mtu. Sio kweli. Bledi za mbao zina meno makubwa na makali kuliko za hospitali, na kidole kilichobanwa juu ya ubao hakina pa kusogea. Kinakatwa kama mbao.

Bledi ndiyo kazi yenyewe

Fundi anaweza kuwa na mashine nzuri na bado akakata vibaya kwa sababu amefunga bledi isiyo yake. Kwenye paketi huwa kuna maandishi machache ambayo yanafaa kusomwa kabla ya kulipa.

HCS ni bledi ya chuma chenye kaboni nyingi. Inakata mbao laini kama paini, plaiwudi na plastiki, na mkato wake ni safi. Ikikutana na msumari mmoja tu, imekula kwake: meno yanaisha.

BIM, au Bi-Metal, ina mwili wa chuma kinachonyumbulika na meno ya chuma kigumu zaidi. Hii ndiyo ya kuaminika pale fundi asipojua kilichojificha ndani ya mbao. Inapita kwenye mbao na misumari ya kawaida.

Carbide ina meno au chembe za kabaidi. Yenye meno hukabili skrubu ngumu na mbao ngumu sana. Yenye chembe, isiyo na meno kabisa, ni ya gundi ya tailizi na saruji kati ya vigae. Hiyo ya chembe haifai kwa mkato safi wa mbao, itaunguza tu.

Umbo nalo lina kazi yake. Bledi iliyonyooka, yenye meno mbele, ni ya kuchoma na kuingia katikati ya ubao. Bledi ya nusu duara inafaa kwa mstari mrefu kidogo na usio na kina kirefu, kwa sababu hutulia kwenye mkato na haipotei njia haraka.

Ila nusu duara haifai kwa shimo lenye kona. Mviringo wake hupita mstari kabla kina hakijafika, na kona inabaki na mikwaruzo isiyofutika.

Bledi pana hukata mstari ulionyooka vizuri zaidi. Nyembamba hufika kona finyu lakini huyumba. Kwa shimo la upande wa sentimita 5, ni afadhali bledi ya upana wa milimita 30 hivi kuliko ile ya milimita 10.

Kazi ya kwanza: kukata chini ya fremu ili tailizi iingie

Hii ndiyo kazi inayouza mashine hizi. Mwenye nyumba anaweka tailizi mpya, fremu za milango tayari zipo. Njia ya mkato ni kukata tailizi ifuate umbo la fremu na kujaza pengo kwa saruji nyeupe. Inaonekana, na baada ya muda saruji hiyo hupasuka.

Njia safi ni kukata fremu chini kidogo, kisha tailizi iteleze ndani yake.

Kwanza hupatikana kipimo, na hapa futi ya kupimia haihitajiki sana. Kipande cha tailizi ileile itakayotumika huwekwa sakafuni pembeni ya fremu, juu ya vipande vya karatasi ngumu vyenye unene sawa na gundi itakayopakwa. Kwa hiyo kipande hicho kinasimama kwenye kimo halisi cha sakafu mpya.

Pili, bledi hulazwa juu ya tailizi hiyo. Bledi nyingi za kazi hii zimepinda karibu na shingo, ili uso wake uweze kulala bapa bila mwili wa mashine kugusa chini. Tailizi inakuwa reli ya kuongoza mkato.

Tatu, mstari huchorwa kwa kisu kikali kabla ya kuwasha mashine. Kisu hukata nyuzi za juu za mbao, na bledi ikiingia haitang'oa vibanzi kwenye rangi au vanishi.

Nne, mashine huwashwa kabla bledi haijagusa mbao. Kuianzisha ikiwa imeshagusa huifanya iruke na kuchora alama pembeni.

Tano, kina. Sio lazima kukata fremu nzima. Sentimita 1 hadi 1.5 mara nyingi inatosha kuficha ukingo wa tailizi, na fremu inabaki imesimama kwenye kiini chake. Kina hicho huwekewa alama kwenye bledi kwa utepe wa rangi.

Mwisho, kipande cha chini kilichotengwa hutolewa kwa patasi, na unga hufagiliwa wote. Tailizi hujaribiwa kavu kabla ya gundi. Ikigoma, hukatwa tena nusu milimita. Kuigonga kwa nyundo ili iingie ni kutafuta ufa.

Fremu nyingi hushikwa ukutani kwa misumari au vyuma karibu na sakafu. Ndiyo maana kwa kazi hii bledi ya BIM ni salama zaidi kuliko HCS, hata kama mbao yenyewe ni laini.

Kazi ya pili: nafasi ya bawaba na kitasa

Bawaba ya mlango inatakiwa ikae sawa na uso wa mbao. Ikizama sana, mlango hubana upande wa bawaba. Ikitokeza, pengo linabaki na mlango haufungi vizuri. Unene wa bawa la bawaba huwa milimita 2 hadi 3 tu, na hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Bawaba hushikwa mahali pake na kuchorwa kwa kisu kuizunguka, sio kwa penseli butu. Mstari wa penseli una upana, na upana huo ndio unaozaa ulegevu.

Bledi husimamishwa wima kwenye miisho miwili ya alama na kuingizwa hadi kina cha bawa. Kisha mikato mingine hupigwa katikati, kila baada ya milimita 4 au 5, kwa kina hichohicho. Vipande vyembamba vinavyobaki huondolewa kwa patasi bila nguvu nyingi.

Kitasa cha kuzamisha kinataka shimo refu zaidi. Kuchimba shimo zima kwa maltituli ni kuichosha mashine bure. Drili hutoboa mashimo yanayofuatana kwanza, kisha bledi hunyoosha kuta zilizobaki na kuzipa kona. Patasi humaliza chini.

Kwa maneno mengine, patasi haijastaafu. Maltituli hupunguza kazi yake, lakini usafi wa mwisho kwenye mninga, mvule au mkangazi bado unatoka kwenye patasi iliyonolewa.

Kazi ya tatu: tundu katikati ya ubao

Kabati limeshafungwa ukutani, na mteja anakumbuka kwamba nyuma yake kuna soketi. Kulishusha ni kazi ya siku nzima. Kutoboa mgongo wa kabati kwa maltituli ni kazi ya dakika chache, fundi akiwa makini.

Umeme huzimwa kwenye meni swichi kwanza. Bledi hii ni chuma, na nyaya za ukutani hazipigi hodi.

Mistari minne huchorwa na kukwaruzwa kwa kisu. Kwenye plaiwudi na ubao wenye veneer, hatua hii haina mbadala, kwa sababu tabaka la juu ni jembamba na huchanika kama karatasi.

Bledi haingizwi kwa uso wake wote kwa pamoja. Kona moja ya bledi ndiyo huanza, fundi akiinamisha mashine kidogo, kisha bledi hulazwa taratibu hadi meno yote yaguse mstari. Akianza kwa meno yote, mashine hutembea na kuacha mkwaruzo nje ya alama.

Mkato wa kwanza huwa wa kina kidogo kwenye pande zote nne. Baada ya hapo ndipo huzamishwa zaidi. Kwa njia hiyo mfereji wa kwanza huongoza bledi.

Meno hukaa upande wa kipande kitakachotupwa. Bledi nayo ina unene, na kwa nyingi mkato unakula milimita 1 hadi 2. Fundi akikata juu ya mstari wenyewe, tundu litakuwa kubwa kuliko alivyopima.

Kazi ya nne: kukata kilichotokeza

Vigingi vya mbao vinavyofunika skrubu, au vinavyoshika maungio ya meza, hukatwa vikiwa tayari na gundi. Bledi hulazwa bapa na kukata kigingi kando ya uso wa meza.

Hatari hapa ni kukwaruza meza. Mafundi huweka karatasi ngumu au kadi ya plastiki yenye tundu kuzunguka kigingi, na bledi inateleza juu yake. Nusu milimita inayobaki humalizwa kwa patasi au msasa.

Mbinu hiyohiyo hutumika kutenganisha mbao mbili zilizopigiliwa. Bledi ya BIM huingizwa kwenye ufa kati yake, na msumari hukatwa ndani kwa ndani bila kuumiza mbao kwa nyundo na mtaimbo.

Mkono mwepesi, bledi inadumu

Kosa kubwa kuliko yote ni kukandamiza. Bledi ikikandamizwa, meno huzama na mwendo wake mfupi hufa. Mashine inaunguruma, moshi unatoka, lakini mbao haikatiki.

Dalili ziko wazi: harufu ya kuungua, mbao kuwa nyeusi, na bledi kubadilika rangi kuwa ya bluu. Chuma kikifika hapo kimepoteza ugumu, na hata kikipoa hakirudi.

Dawa yake ni kuyumbisha mashine taratibu kushoto na kulia wakati wa kukata, ili sehemu moja ya bledi iguse na nyingine iachie unga utoke. Kila baada ya sekunde kadhaa bledi huchomolewa, unga ukatoka, kisha hurudishwa.

Kasi nayo hupangwa. Mbao laini huvumilia kasi kubwa. Mbao ngumu, chuma na plastiki hutaka kasi ya chini hadi ya kati. Plastiki kwa kasi kubwa haikatwi, inayeyuka na kujifunga tena nyuma ya bledi.

Pale mstari unapotakiwa uwe umenyooka kabisa, ubao ulionyooka hufungwa kwa klampu kando ya alama, na bledi huegemezwa hapo. Mkono peke yake, hata wa fundi mzoefu, huyumba.

Pale isipofaa

Maltituli sio mashine ya kupasua mbao ndefu. Kwa ubao wa mita 2, msumeno wa duara utamaliza kabla maltituli haijafika robo, tena kwa mstari ulio nyooka zaidi. Mikunjo ni kazi ya jigso, na mifereji mirefu ya kina sawa ni kazi ya ruta.

Anayetafuta mashine moja ya kufanya kila kitu atasikitika. Hii ni ya kumalizia na kurekebisha.

Macho, mapafu na mikono

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, umeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mvule, kwa mfano, unajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kusumbua njia ya hewa. Barakoa ya kuzuia vumbi laini, ya daraja la FFP2 au N95, inatakiwa. Kitambaa puani hakitoshi.

Maltituli hutoa vumbi laini sana, na mara nyingi fundi huwa ameinama uso ukiwa karibu na mkato. Miwani ya kazi na vizuia kelele masikioni vinakwenda pamoja na barakoa.

Nyumba za zamani zina mitego zaidi. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na baadhi ya mabamba ya dari na paa ya zamani yana asbesto. Asbesto haikatwi kwa mashine hii hata kwa sekunde moja.

Mtikisiko nao hula mikono polepole. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwasha, kazi husimamishwa. Kupumzika mara kwa mara na kutokamata mashine kwa kuiminya sana husaidia.

Kubadili bledi hufanyika waya ukiwa umechomolewa au betri imetolewa. Na bledi iliyotoka kazini haishikwi kwa vidole vitupu, inaunguza.

Kabla ya kununua

Swali la kwanza liwe kuhusu umeme. Kenya hutumia volti 240 na Tanzania volti 230. Mashine za mtumba kutoka Marekani hutaka volti 120, na zile za maeneo ya ujenzi Uingereza, zenye plagi ya njano, hutaka volti 110. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, inaungua. Za betri nazo zisisahaulike, kwa sababu chaja ina volti zake.

Swali la pili ni shingo ya kufungia bledi. Kampuni hazifanani. Mwaka 2016 Bosch na Fein walileta mfumo wa Starlock, ambao hufunga bledi bila spana, na una madaraja matatu: Starlock, StarlockPlus na StarlockMax. Mashine ya daraja la juu hupokea bledi za daraja la chini, lakini kinyume chake haiwezekani.

Ndiyo maana mnunuzi mwerevu huuliza duka la jirani lina bledi gani kabla ya kuchagua mashine. Bledi huisha na kununuliwa tena na tena, na baada ya muda gharama yake inaweza kuipita mashine yenyewe.

Mwenye kuweza kupanga kasi, na swichi inayojifunga ikiwa imewashwa, ni bora kuliko mashine yenye kasi moja tu. Katika mashine za bei ya chini, kinachoanza kusumbua mara nyingi ni shingo kulegea, bledi ikaanza kucheza na mkato ukapoteza unyoofu.

Na kabla ya bledi mpya kugusa fremu ya mteja, mafundi makini huijaribu kwenye kipande cha mbao ileile kinachotupwa. Mkato mmoja wa majaribio unaonyesha unene wa bledi, kasi inayofaa na kama mstari unanyooka, na kipande hicho hakina wa kukilipia.